Syokau Azoea Lamu

Mwaka 1951 Kivuva, mpishi wa Mzungu mmoja wa serikali, alirudi likizo Kanyangi, Ukambani, akiwa amevaa viatu. Akawatangazia jamaa zake kwamba bwana wake amehamishiwa Lamu, kisiwa kilichozungukwa na maji pande zote. Watu wa Kanyangi, ambao msimu huo walichimba mchanga wa mto mpaka kiunoni ili wapate kibuyu kimoja cha maji, walimtazama kama malaika. Kivuva hakuwakataza.

"Huko maji yanamfuata mtu mpaka mlangoni," alisema.

Hakuongeza kwamba yana chumvi. Labda alisahau, alikuwa mtu mwenye mambo mengi.

Mkewe, Syokau, alijaza muthokoi, mahindi yao yaliyokobolewa, kwenye kiondo, akambeba mtoto wao Mutiso mgongoni, akamfuata mumewe peponi.

Pepo ilimpokea kwa joto, mbu na chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Bwana Mkubwa. Asubuhi ya kwanza alishuka ufuoni, akajaza mtungi, akapika uji. Mutiso alionja, akapiga kelele hadi jirani akaja mbio. Jirani huyo, mjane wa makamo aitwaye Bi Esha, alikaribishwa uji. Akaumeza kwa ushujaa mkubwa, kisha akamwonyesha Syokau njia ya kisimani.

Muthokoi ilipoisha, taabu ikaanza. Kivuva alijua kuoka nyama ya kondoo na kuponda viazi, na kwa elimu hiyo alijihesabu fundi. Lakini Lamu ni samaki, na yeye hakuwahi kumgusa samaki.

"Ukoo wetu haumli," alieleza. "Ni nyoka aliyejifunza kuogelea."

Bwana Mkubwa hakuuomba ukoo ushauri. Kila asubuhi samaki aliletwa, na mkuu wa jiko akawa anasimama mlangoni, akimtolea mkewe amri kwa mbali. "Mama Mutiso, shughulikia hicho kidudu. Mimi niko na kazi ya kusimamia."

Syokau alimkimbilia Bi Esha akiwa na samaki aitwaye changu mkononi. "Hii kitu iko na macho, Bi Esha. Inaniangalia!"

"Keshakufa mwanangu, hana la kukufanya. Mpare magamba. Kisha nenda hapo uani kwa shemeji yangu, uniletee mbuzi tukune nazi."

Katika maneno hayo yote, Syokau alielewa mbuzi. Alirudi akivuta beberu aliyekwisha kula pindo la leso yake. Bi Esha alicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akaingia ndani, akatoka na kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, akakikalia na kuanza kukuna. "Mbuzi ndiyo hii."

"Nyinyi watu wa pwani," Syokau akasema, "majina yaliwaishia?"

Tangu siku hiyo wakawa marafiki. Syokau alijifunza mchuzi wa nazi, wali na samaki wa kupaka. Bwana Mkubwa alinenepa na kumsifu mpishi wake, naye Kivuva alizipokea sifa hizo mezani akiinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu aliyechoka kwa kazi. Jambo hilo lilimkera Syokau, ila aliendelea kukuna nazi. Kanisani kwao walimfundisha kwamba mume ni kichwa. Hawakusema kichwa kitatoroka jikoni.

Jumamosi moja wageni walikuja, na pamoja nao akaja pweza. Kivuva alipofunua kikapu, mkono mmoja ulijinyoosha taratibu ukamgusa kidole. Kivuva alitokea dirishani, ingawa mlango ulikuwa wazi.

Bwana Mkubwa alisikia vishindo, akaingia jikoni. Akamkuta Syokau amekunja mikono ya gauni, anampigiza pweza jiweni ili alainike.

"Mpishi yuko wapi?"

Angeweza kudanganya; alikuwa amezoea. Lakini mkono ulimuuma. "Mpishi ni mimi, Bwana. Ile ingine iko nje, inapumua."

Bwana Mkubwa alitazama nje, akamtazama pweza, akaenda kuwaambia wageni wasubiri.

Jumatatu Syokau aliandikwa mpishi, na Kivuva akapewa kanzu nyeupe ya kubebea sahani. Alinuna siku mbili. Kisha akamweleza kila Mkamba aliyepita Lamu kwamba amepandishwa cheo: zamani alifichwa nyuma, sasa yuko mbele na wakubwa. Na haki yake apewe, kanzu ilimkaa vizuri.

Syokau hakuipenda Lamu yote. Joto hakulizoea, na mvua iliponyesha alikumbuka harufu ya udongo wa kwao, akakosa raha. Lakini alasiri, kazi ikiisha, alikaa kibarazani na Bi Esha wakifyonza vichwa vya changu, Mutiso akitambaa kati yao. Ndani, Kivuva aliosha vyombo huku akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa sana, ili asidhaniwe kuwa anaosha vyombo.