Mtani Aliyenililia Nikiwa Hai

Mjukuu wangu anasoma chuo kikuu, na huko kwao kuna chumba cha mshauri nasaha. Mwanafunzi akizidiwa na mitihani anakwenda kukaa kwenye kiti laini, anaulizwa anajisikiaje, na akilia anapewa karatasi za kufutia machozi. Juzi aliniuliza sisi enzi za Mwingereza tulikuwa na nini. Nikamwambia tulikuwa na bibi yangu. Akacheka, akadhani ni mzaha.

Bibi hakuwa mtu wa kukuuliza unajisikiaje. Alikutazama mara moja, akakuambia mwenyewe unavyojisikia, na ukibisha umemvunjia heshima.

Nilikuwa kijana wa kwanza wa mtaa wetu wa Mtoni kwenda Uganda kusomea udaktari, kwa maana miaka hiyo Tanganyika nzima haikuwa na chuo kikuu. Kwenda kwenyewe ni reli mpaka Mwanza, halafu meli ya ziwani. Watu wa mtaa walinisindikiza mpaka stesheni, na tangu siku hiyo nikawa mali ya umma. Nikirudi likizo, mwenye jipu ananionyesha jipu, mwenye busha ananivuta kando. Nikiwaambia kwamba bado sijafundishwa kutibu, kwamba kwa sasa tunasoma mifupa na mishipa ya maiti tu, wananijibu haidhuru, wewe angalia tu.

Sasa likizo ile nilirudi nimefeli. Somo lenyewe ni hilohilo la mifupa na mishipa. Wakubwa wa chuo walinikubalia nirudie mtihani chuo kikifunguliwa, na nikishindwa tena basi, udaktari kwaheri. Nyumbani niliwaambia siku hiyohiyo niliyofika, kwani uso wangu haujui kuficha jambo. Mama akasema Mungu yupo. Baba alikohoa, akatoka nje. Bibi akauliza ni nani aliyekaa karibu yangu siku ya mtihani, na watu wake ni wa wapi.

Mwanzoni nilisoma. Baadaye nikawa nafungua kitabu na kukifunga palepale. Nikiona tu ule mchoro wa mkono uliochunwa ngozi, moyo unaanza kwenda mbio, jasho linanitoka, na mimi nimekaa kitako kwenye mkeka sifukuzwi na mtu. Chakula kikawa hakipiti. Usingizi nao ukanikimbia. Mwishowe nikaacha kutoka chumbani, nikawa nalala nimeugeukia ukuta, nimejifunika shuka jeupe gubigubi. Moyoni nilikwishaamua kwamba sirudi Uganda. Ila sikumwambia mtu, maana nilijua nikitamka hivyo nitakuwa nimemuua daktari wa watu wote wa Mtoni, na nguvu za kwenda kwenye mazishi yake sikuwa nazo.

Siku hizi hali hiyo ina jina, na mjukuu wangu analitaja bila haya. Wakati wetu haikuwa na jina, kwa hiyo kila mtu aliipa lake na dawa yake. Mama alisema ni njaa ya Uganda, akanipikia supu ya samaki asubuhi na jioni. Jirani alisema nioe. Mhindi mwenye duka la kona, mtu mwema sana, alileta chupa ya dawa ya nguvu yenye picha ya pande la mtu limetunisha mikono, akaapa kwamba wajomba zake wote wameinywa. Ilinipeleka chooni mchana kutwa. Sasa nikawa na maradhi mawili, na la pili ndilo lililonipa sababu ya kutoka chumbani.

Baba yeye hakuleta dawa. Alikuwa mnyapara wa makuli bandarini Kurasini, mtu wa kupayukia watu kuanzia alfajiri, na akirudi nyumbani hana tena sauti. Kila jioni alisimama mlangoni kwangu, akakohoa, akaondoka. Nilikichukia kile kikohozi. Nilikisikia kama mtu anayekuja kumwulizia daktari wake amefikia wapi.

Bibi ndiye aliyekuwa na mpango. Kwanza aliniandikishia kombe, maandishi ya zafarani kwenye sahani, yakaoshwa kwa maji nikayanywa. Sikupona. Akataka isomwe halbadiri, kile kisomo cha laana, imshukie aliyenifanyia uchawi. Mwalimu wa madrasa akakataa. Alimweleza kwa upole kwamba halbadiri ni kitu kizito, na kwamba huenda aliyenifanyia ni yule Mzungu aliyetunga maswali, naye yuko mbali. Wakapatana nisomewe Yasini na dua, siku ya Ijumaa baada ya alasiri, na watu wale pilau.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, sijui niseme vipi. Nawaambieni, hakuna kitu kinachofanana na msiba kama kisomo cha mgonjwa. Uani yalitandikwa majamvi. Wanaume wakaja na kanzu na kofia zao, wakakaa kwa utaratibu, vichwa chini. Ubani ukafuka. Kule nyuma wanawake walijitanda kanga, wakawa wanapika kwa makumbi ya nazi mabichi, na moshi ukawatoa machozi kwelikweli. Mimi mwenyewe nilikuwa chumbani nimenyooka ndani ya shuka langu, mlango umerudishwa, na bibi ameagiza mtu asithubutu kupiga kelele karibu na dirisha.

Akaja mtani.

Alikuwa mzee wa Kinyamwezi, kuli chini ya baba bandarini. Sisi ni Wazaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara ya mizigo. Mtani ana ruhusa ya kukutusi mbele za watu, nawe huna ruhusa ya kununa. Kwenye msiba wako ndiyo kabisa: ni wajibu wake kumwigiza marehemu, aseme vituko vyake vyote, hata kulizuia jeneza mpaka apewe kuku. Siku hiyo hakuwa na zamu, naye alikuwa amesikia kwa baba kwamba kijana hali chakula, basi akaja kunitazama. Alipofika akaona majamvi, akasikia Yasini, akaona wanawake wanafuta macho. Mtu mzima haulizi katika hali hiyo. Aliweka mikono kichwani, akalia kilio kimoja kirefu cha heshima, kisha akaanza kazi yake.

Mtajiuliza kwa nini hakuna aliyemwambia kwamba sijafa. Wanaume walikuwa katikati ya Yasini, na Yasini haikatizwi. Wanawake nao walidhani anajua, kwamba ameamua tu kumtania mgonjwa apate nafuu. Watani hufanya makubwa kuliko hayo. Kwa hiyo yeye aliona wafiwa, wao waliona mchekeshaji, na hakuna aliyekosea sana.

Koti langu la chuo, lenye nembo mfukoni, lilikuwa limeanikwa kibarazani, na kile kitabu cha mifupa bibi alikuwa amekitoa nje kifukizwe ubani. Mtani akavaa koti, akabana kitabu kwapani. Nilikuwa namwona kwenye ufa wa mlango. Akainua kidevu, akapita uani kwa mwendo ambao sikuwahi kujua kwamba ni wangu mpaka siku ile, hatua ndogondogo, kama mtu anayeogopa kukanyaga sisimizi wa serikali. Akawaamkia wanawake huku anatazama juu ya vichwa vyao. Akashikishwa mguu wa mama mmoja wenye uvimbe, akatikisa kichwa, akasema huo si mguu wa mtihani.

Nilikasirika. Nilitaka kutoka nikamnyang'anye koti. Lakini akawa amekwisha kulala chali kwenye jamvi, anajieleza kwamba sasa marehemu amefika kaburini, na wale malaika wawili wa kuuliza maswali wameingia. Akawafanyia sauti nzito: Mola wako nani? Kisha akageuza sauti, ikawa yangu hasa, ile ya puani niliyorudi nayo kutoka Uganda:

"Samahani, mabwana wakubwa. Naomba ruhusa nianze na swali la tatu."

Mwalimu wa madrasa akawa anaendelea kusoma, ila mabega yanamtikisika. Malaika wakamuuliza marehemu tena. Marehemu akajibu kwamba hilo halikuwamo katika masomo ya muhula huu, na kama hawataki kuamini basi wampe nafasi ya kurudia chuo kikifunguliwa.

Kicheko kilinitoka bila idhini yangu. Kilianzia tumboni, mahali ambapo kwa wiki nyingi palikuwa na jiwe, kikanishika mbavu mpaka nikaogopa. Nilicheka huku nalia. Nilikuwa nimeona haya sana kwa kufeli, na sasa haya yangu ilikuwa imelala pale jamvini imevaa koti, watu wanaicheka wakinipenda vilevile. Nikainuka nitoke kumshika mkono mtani wangu. Sikukumbuka kujifunua.

Nikasukuma mlango, nikasimama kibarazani na shuka jeupe toka utosini, nimekonda, macho yameingia ndani.

Mtani aliniona. Aliruka toka kaburini, akakanyaga sinia la pilau, akatoka mbio kuelekea barabara ya Kilwa na koti langu mwilini. Bibi akamfokea kuhusu sinia.

Baba alikuwa anarudi kutoka Kurasini kwa miguu. Alikwishayaona majamvi na kanzu kutoka mbali, na ile habari ya kisomo, kwa uchovu wa kazi, ilikuwa imemtoka kichwani. Kisha akamwona kuli wake anamjia mbio ndani ya koti la mwanawe, anahema, anasema kijana kafa, kafa, na sasa kafufuka. Baba alisikia nusu ya kwanza.

Mimi nilimfuata mtani mbio, na nilipofika nilimkuta baba ameketi chini mavumbini kando ya barabara, kofia imeanguka, mikono iko mapajani. Watu waliokuwa wakinifuata walisimama mbali. Nilichuchumaa mbele yake, nikasema shikamoo, sikujua la kusema jingine. Akanishika kifundo cha mguu, akakibana kwa mkono wake wa kazi mpaka kikauma. Machozi yalikuwa yakimshuka na wala hakuyafuta. Sikuwahi kumwona hivyo, na sikumwona tena.

Akasema, "Mie nimekaa hapa nakulilia, mwanangu. Na katika kulia kwangu kote, daktari sikumlilia. Nimekulilia wewe."

Nikamwambia, "Baba, naogopa." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka.

"Najua. Nakuja mlangoni kila siku nikwambie hata mie naogopa, maneno hayatoki." Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Haya, twende. Na hilo shuka livue, unaumiza watu."

Jioni ile nilikula pilau, lile lililokanyagwa na lile lisilokanyagwa. Mtani alirudishwa akiwa ameshikwa mikono na watu wawili. Alipoambiwa ukweli alinuna, akasema amelia kilio kizima bure, na kwa hiyo anamdai kuku marehemu. Bibi alimpa. Mpaka siku zake za mwisho bibi alisema ni Yasini iliyoniponya, na sikumbishia, kwa sababu nimeshaeleza ilivyokuwa kumbishia.

Hofu haikuisha. Nilisoma nayo, nikapanda nayo treni, nikaingia nayo chumba cha mtihani, na wino nikaumwaga mezani. Nilifaulu kwa taabu, bila sifa yoyote. Lakini siku ya kuondoka sikuwa na habari ya hayo. Watu wa mtaa walijaa stesheni, kila mmoja ananishika mkono ananiambia nifaulu, nisiwaangushe. Baba alisubiri wote wamalize. Treni ilipoanza kuvuta akatembea kando ya dirisha langu, akakohoa, akaniambia nirudi nyumbani.