Watu wa Dirishani

Nikisikia harufu ya mavi ya ng'ombe mabichi yaliyokorogwa na udongo, hasira hunipanda kabla sijajua imetoka wapi. Wenzangu huniambia hiyo ni harufu ya nyumbani. Ni kweli, kwetu Usukumani karibu kila nyumba ilisiribwa sakafu kwa mchanganyiko huo. Lakini mimi hunirudisha kwenye kanisa la kijiji chetu, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Tinde, na kwa Bibi Milembe, aliyemzaa mama.

Kanisa lile lilikuwa la zamani kuliko jengo lolote tulilokuwa nalo. Lilipojengwa, Bibi alikuwa ameolewa karibuni, na ni yeye na wenzake waliobeba maji ya kufyatulia matofali kutoka lamboni, mitungi kichwani. Kuta zilikuwa nene, na ndani kulikuwa na ubaridi hata mwezi wa kumi, jua linapopasua ardhi. Kila Jumamosi Bibi na wanawake wengine kama saba walisiriba sakafu, wakirudi nyuma kwa magoti na kuchora mawimbi kwa viganja. Jumapili hawakuingia. Walikuwa wake wa pili au wa tatu, hawajabatizwa, na sheria ya misheni yetu ilikuwa kwamba mwanamke wa namna hiyo asikanyage ndani wakati wa misa. Basi walisimama nje, vidole vimeshika kizingiti cha dirisha, wakaimba nyimbo zote kwa kichwa kutushinda sisi tuliokuwa na vitabu. Kijiji kizima kiliwaita watu wa dirishani, na hakuna aliyeona kuwa ni tusi.

Nilipokuwa darasa la tatu, miaka ya sabini mwanzoni, ilitangazwa kwamba askofu anakuja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Wenyeji wetu walipona kwa kusiriba sakafu kwa magoti siku tatu mfululizo. Bibi alichubuka magoti yote mawili. Aliniambia, akicheka kama mtu anayeona haya, kwamba safari hii huenda wangeruhusiwa kuingia, hata kama ni kukaa nyuma kabisa. Miaka yote ile hakuwahi kuona padre anafanya nini pale altareni, kwa sababu dirisha lake lilimwonyesha migongo ya watu tu. Kanga yake nzuri aliifua mara mbili.

Siku yenyewe nilimshika mkono tukaenda mpaka mlangoni. Katekista, mtu niliyempenda kwa kuwa ndiye aliyetufundisha kuimba, alinyoosha mkono akaziba njia. Hakupaza sauti, na alimwita mayu, yaani mama, kama kawaida.

"Mayu Milembe, mahali pako unapajua."

"Ninapajua," Bibi alisema. "Nimetoka kupasiriba."

Mkono haukuondoka. Bibi akanisukuma taratibu niingie, yeye akazunguka kwenda dirishani. Ndani, askofu aliisifu sakafu, akasema hajaona nyingine kama ile. Katekista akainamisha kichwa kupokea pongezi, watu wakapiga makofi. Niligeuka kutazama dirishani, nikamwona Bibi naye anapiga makofi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipokosea njia. Sikumkasirikia katekista, wala askofu, wala sheria. Nilimkasirikia yeye. Jumamosi iliyofuata nilimkuta anakoroga mavi kwenye ndoo, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hana haya. Mtoto wa Kisukuma hamwambii bibi yake maneno hayo. Aliniambia nikamchotee maji. Sikuyachota.

Alikufa nikiwa sekondari. Tulimzika shambani, karibu na zizi, kwa kuwa makaburi ya kanisani yalikuwa ya waliobatizwa, na kengele haikupigwa. Baada ya matanga mama alinieleza jambo ambalo Bibi hakuwahi kulitamka mbele yangu. Padre wa kwanza alikuwa ameshamkubali. Alimaliza mafundisho yote, na jina la ubatizo alikwisha kulichagua, Veronika. Sharti lilikuwa moja: amwache babu. Lakini babu alikuwa amemtolea ng'ombe wa mahari, na kwa desturi yetu mwanamke akiondoka, watoto hubaki kwa mwenye ng'ombe. Wakati huo Bibi alikuwa na mtoto mmoja tu, naye alikuwa bado ananyonya. Mtoto huyo alikuwa mama.

Sasa hasira yangu najua pa kuipeleka. Nawakasirikia wote waliomwambia mwanamke achague kati ya Mungu na mtoto aliye titini, kisha wakamwita kila Jumamosi awasafishie. Najikasirikia na mimi, kwa yale maji. Mimi nilibatizwa mle ndani nikiwa na wiki sita, nimelala mikononi mwa mama, na hakuna aliyeniuliza nitaacha nini.