Mama, Kiti na Zawadi

Kila asubuhi, kabla watu wa ofisi hawajaanza kupita, mama yangu alikuwa ananisukuma mlimani. Mimi ni mwanamke mzima, nina digrii, nina kitambulisho cha kazi shingoni, na nyuma yangu mama mwenye magoti mabovu anahema. Anayetaka kujua aibu ni nini aje akae kwenye kiti changu cha magurudumu, aisikie pumzi hiyo ikipita sikioni mwake, naye hawezi kuteremka akamsaidia.

Tunaishi Kacyiru ya chini, hapa Kigali, kule bondeni ambako kodi inavumilika. Ofisi iko juu, kwenye barabara kubwa, na katikati kuna kilima kilichotandikwa mawe. Miguu yangu ilikwisha kwa ugonjwa wa uti wa mgongo, baada ya sisi kuhamia huku kutoka Mwanza, mji nilikozaliwa na ambako Mama alikiokota Kiswahili anachonigombezea mpaka leo. Mikono yangu ina nguvu, kwenye tambarare sihitaji mtu, ila kile kilima kilinishinda. Pikipiki haibebi kiti, na teksi ya kila siku ni ndoto. Basi ikawa ni Mama. "Mimi bado niko imara," anasema, halafu jioni namkuta jikoni anajikanda magoti kwa maji ya moto, akinisikia tu anashusha gauni haraka.

Kwa hiyo nilipoanza kuulizia zile mota za kufunga kwenye kiti cha magurudumu, watu wakanipongeza kwamba natafuta uhuru wangu. Uhuru gani, jamani! Nilitaka Mama aache kusukuma.

Nilikwenda kujaribu Muhima, kwenye duka la vifaa vya wagonjwa. Muuzaji alikuwa mtu wa maneno mengi, mzuri tu, anacheka kabla hujamaliza kusema. Alinifungia kwanza kigurudumu cha nyuma, kinachokaa chini ya kiti na kukusukuma. Kupanda kilipanda. Kushuka sasa! Hakina breki, inabidi ukamate zile ringi za pembeni kwa mikono yako mwenyewe, na viganja vikaungua nikapiga yowe. Muuzaji akaniambia nitazoea. Nizoee kuungua?

Akaleta la mbele. Hilo lilikuwa jekundu, lina usukani, lina taa, lina honi. Unalifunga mbele ya kiti, linanyanyua vile vigurudumu vidogo, unageuka kuwa pikipiki ya magurudumu matatu. Kwenye lami niliruka nalo mpaka nikacheka peke yangu. Tukaenda kwenye mteremko wa kokoto nyuma ya duka. Uzito wangu wote uko nyuma, pale mbele hakuna cha kulikandamiza lile gurudumu, likawa linazunguka bure, linachimba kokoto na kutoa vumbi, na mimi nipo palepale. Nilijiinamisha mbele mpaka kidevu kikagusa usukani. Wapi!

Ya mwisho ilikuwa magurudumu yenyewe makubwa, yenye mota ndani ya kitovu. Unasukuma kidogo kwa mkono, nayo yanaongeza. Ukishuka yanakushikilia. Ni mazito kwa mtu wa kuyapakia kwenye gari, lakini mimi gari sina. Kwa kuyatazama huoni chochote, ni magurudumu kama mengine, labda yamevimba kidogo katikati. Nilipanda ule mteremko nayo, nikasimama katikati, nikaachia mikono. Kiti hakikurudi nyuma. Nilirudi nyumbani nikiwa najua ninachotaka, ila uwezo wa kukinunua sikuwa nao.

Ofisini kwetu watu huchangiana. Mtu akioa, akifiwa, akijifungua, kamati inaundwa. Mwenyekiti wa kamati zote ni mhasibu wetu, mtu ambaye angeweza kuunda kamati ya kufungua dirisha. Alipopata habari kwamba nimekwenda Muhima, hakuniuliza. Siku moja niliitwa tu kwenye chumba cha mikutano, nikakuta wanakamati wamekaa, picha za mashine zote tatu zipo ukutani, na wote wananitazama kwa macho ya huruma ile ninayoichukia. Ila siku hiyo sikuichukia.

"Kwanza tuseme ukweli," mhasibu akasema, "hii nyekundu ni nzuri, au vipi?"

Wakaitikia kwamba ni nzuri sana. Dada wa mapokezi akasema nitakuwa natoka kama malkia. Mhasibu akaonyesha yale magurudumu yenye mota, akakunja uso. "Hii sasa, watu wataona nini? Si kitu kilekile anacho? Tukupe zawadi isiyoonekana?" Wakacheka, nami nikacheka. Halafu akanigeukia kwa heshima zote. "Lakini wewe ndiye mwenye kiti. Unapendelea mashine ipi?"

Nilikuwa nayo mdomoni. Naapa, nilikuwa nayo. Lakini ninyi mliolelewa kama nilivyolelewa mimi mnajua: watu wamejinyima, wamekaa kikao kwa ajili yako, halafu unyooshe kidole, si hii, nataka ile? Nilimsikia Mama kichwani akiniuliza nimeanza lini kuwa na macho makubwa.

"Yoyote tu," nikasema. "Mimi nashukuru."

Walinikabidhi ile nyekundu ikiwa na utepe. Kulikuwa na soda, hotuba, picha. Nilizunguka ukumbini juu ya vigae, nikapiga honi, watu wakapiga makofi, mkurugenzi akafuta macho. Mama hakuwepo, magoti yalikuwa yanamsumbua, lakini nilipofika nyumbani alilipapasa lile gurudumu lote, akaijaribu taa, akasema Mungu awazidishie hao watoto.

Asubuhi ya kwanza alitoka kunitazama. Alisimama getini mikono kiunoni, amejifunga kanga, hana haraka, kwa mara ya kwanza tangu niugue hakuwa amevaa raba zake za kusukumia. Nilipanda vizuri mwanzoni. Pale kilima kinapokaza, mawe yakiwa na umande, gurudumu likaanza kuzunguka bure. Nikajiinamisha. Nikaanza kurudi nyuma polepole, nimekamata breki, na nyuma yangu nasikia ndala zinakuja mbio, papa papa papa.

"Tulia, mwanangu. Tulia, nimekushika."

Tulijaribu kila kitu. Tulining'iniza mfuko wa maharage mbele ili liwe zito, likapanda kidogo zaidi, halafu likagoma palepale. Siku ya jua kali lilijitahidi. Siku ya umande au mvua, hakuna kitu. Na Kigali mvua inapoamua, inaamua. Kulifungua na kuliacha nyumbani nisingeweza. Ofisi nzima ingeuliza iko wapi. Kwa hiyo Mama akarudia raba zake. Zamani alikuwa anasukuma mimi na kiti. Sasa anasukuma mimi, kiti, na zawadi.

Juu, kwenye kona ya duka la maziwa, alikuwa anasimama, anapangusa tope kwenye ile taa kwa pindo la kitenge, ananiweka kola sawa, kisha anageuka. Mimi nawasha mota, naingia barabara kubwa peke yangu. Mlinzi wa getini ananipigia saluti. "Madamu! Leo iko vizuri!" Naam, iko vizuri. Watu wananipungia. Mhasibu ananiuliza mlangoni, kila wiki, kama Mama anapumzika siku hizi.

"Anapumzika," namwambia.

Sijui kama mmewahi kuona aibu inayokusubiri mahali pamoja kila siku, kama mtu mnayefahamiana. Yangu ilikuwa inanisubiri pale kwenye kona ya maziwa. Nilikuwa naona aibu mbele ya Mama kwa sababu ya ofisi, na mbele ya ofisi kwa sababu ya Mama. Na nilikuwa na hasira naye pia, niseme ukweli, kwa sababu hakuwahi kulalamika hata siku moja, na mtu asiyelalamika hakupi nafasi ya kumwomba msamaha.

Asubuhi moja nilimkuta amevaa kitenge chake cha harusi za watu, na kapu la maandazi limefunikwa kitambaa. Raba zake zilikuwa miguuni. "Leo sirudi," akasema. "Naingia nawe. Watu wamempa mtoto wangu zawadi na mimi mzazi sijaenda kushukuru, watatuonaje?"

"Mama, usiende."

"Kwa nini nisiende?"

Nikalipokea kapu. Tulipanda. Kapu lilikuwa mapajani mwangu, la moto, na yeye nyuma anasukuma, anasimama, anasukuma. Kwenye kona ya maziwa alijifuta jasho, akajifunga kilemba upya, akatembea pembeni yangu mpaka getini ameshika mkono wa kiti kwa madaha, kama mtu anayetembea tu na binti yake.

Waliitana wote wakaja mapokezi. Mlinzi akamwita mukecuru wetu, bibi yetu, akamletea kiti, Mama akakataa kukaa. Alisimama nyuma yangu, akawasemesha kwa Kinyarwanda chake kizuri cha wazee, na hata sasa nayasikia maneno yake.

"Wanangu, mmenipumzisha. Asubuhi namfungulia geti, namtazama akipanda mwenyewe, mimi narudi zangu kitandani. Magoti yangu yanawashukuru."

Wakapiga makofi. Dada wa mapokezi alikuwa analia. Mama alikuwa bado hajapata pumzi sawasawa, maneno yalikuwa yanamtoka vipande vipande, nao wakadhani ni uchungu wa furaha. Mikono yake ilikuwa imeshika vishikio vya kiti changu, hakuwa anajua kama ameshika. Mama yangu, aliyewahi kunichapa kwa uongo wa sukari niliyoilamba, alikuwa anadanganya watu wazima mchana kweupe ili mimi nisiaibike.

"Amenisukuma," nikasema.

Hawakusikia. Nikarudia kwa sauti. "Mama amenisukuma leo. Na jana. Hii mashine haipandi kile kilima, ananisukuma kila siku."

Wote wakamgeukia Mama. Halafu Mama akacheka, kicheko kikubwa cha wageni, akanipiga begani. "Mtoto huyu na utani wake! Tangu utotoni yuko hivi." Na wote, jamani, wakashusha pumzi wakacheka naye, maandazi yakaanza kugawanywa. Nilikuwa nimemfanya mama yangu mwongo mbele za watu, na hata hivyo hakuna aliyeniamini. Mashavu yaliniwaka moto mpaka machoni.

 Jioni tulipokula ndipo akafungua mdomo. "Watu wamekupa, unawarudishia usoni. Na mimi unaniumbua." Nikamwambia aniwie radhi. Akasema nile.

Ila mhasibu hakuwa amecheka. Nilikuja kujua asubuhi iliyofuata, tulipofungua geti tukamkuta amesimama nje na shati lake jeupe, funguo za gari mkononi, hajui aanzie wapi. Alimwamkia Mama kwa mikono miwili. Alisema jana aliziona raba za mukecuru, zimelowa tope mpaka kwenye kamba, na kitenge cha sherehe juu yake.

"Mama, leo niachie mimi," akasema.

Mama akakataa, akasema ni kazi yake, si kazi ya mtu wa ofisi. Akakataa tena. Mwishowe akabaki pale getini mikono mitupu, anaikunja, anaikunjua, hana pa kuiweka. Mhasibu akanisukuma. Mwanzoni alikuwa anaongea. Kilima kilipokaza akanyamaza, gurudumu jekundu linasaga mawe mbele yetu, na pumzi yake ikaanza kupita sikioni mwangu, ya mtu mwingine lakini ni ileile. Katikati alisimama, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akainama akashika magoti yake. Alitazama juu kulikobaki. Alitazama chini, Mama bado yuko getini.

"Tulikuuliza," akasema. "Ulisema yoyote."

"Nilisema yoyote."

"Ile isiyoonekana, ndiyo uliyoitaka?"

"Ndiyo."

Akaondoa jiwe, akanisukuma mpaka juu. Sijui aliongea nini na yule muuzaji wa Muhima wala na kamati yake, na safari hii hakukuwa na utepe wala soda. Lile jekundu lilirudi dukani. Nikafungiwa magurudumu ambayo ukiyatazama huoni kitu.

Asubuhi ya kwanza nayo mvua ilikuwa imenyesha na mawe yanang'aa. Mama alitoka na raba zake. Nikamwambia arudi ndani, akasema anakwenda dukani kununua maziwa, kama vile bondeni hakuna maziwa. Nikasukuma mara moja, kiti kikapanda. Nyuma nikasikia mikono yake inashika vishikio.

"Mama, achia."

"Sisukumi," akasema. "Nimejishikiza tu."

Na kweli hakuwa anasukuma. Kilima kilipokaza niliuhisi uzito wake ukining'inia nyuma yangu, magoti yake mabovu yanafuata, na mimi ndiye ninayemvuta. Sikumsikia akihema. Tulifika kwenye kona ya maziwa, nami nilikuwa naona aibu nikitazama mbele, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi huyu aliyekuwa ananisukuma kila siku.