Pangaboi Lililofukuza Mvua

Kuna kipindi niliamini, kwa moyo wangu wote na akili zangu zote za darasa la jioni, kwamba pangaboi la kijiji chetu cha Didia lilikuwa linafukuza mvua. Lilisimama juu ya kisima cha ng'ombe, refu kuliko kanisa, na upepo ukilipiga lilizunguka na kuvuta maji mpaka kwenye birika la kunyweshea. Watu walisema mabawa yake yanakata mawingu vipande vipande na kuyasukumia Tabora. Mimi nilikwenda mbali zaidi. Niliapa kwamba nimeliona kwa macho haya wingu jeusi, limebeba mvua ya kujaza Ziwa Victoria mara mbili, likafika juu ya pangaboi, likasita, likageuza.

Basi katika miaka ya themanini, ile miaka ya kuoga bila sabuni, akaja mnunuzi kutoka machimbo ya Geita. Alitaka vyuma vya pangaboi akaundie mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Tukimpa, ataliezeka darasa letu kwa mabati, maana lilikuwa linavuja hata pasipo na mvua.

Wengi tulichekelea. Asiyechekelea alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea. Boma lake lilikuwa hapo hapo kisimani, na miguu yake ilikwisha kukataa safari. Pangaboi likiondoka, ng'ombe wake wangepaswa kunywa kwenye bwawa la mbali, naye hakuwa na mtu wa kuwapeleka. Wangeuzwa wote. Hilo alilijua yeye, nililijua mimi, kijiji kizima kililijua.

Mwenyekiti wa kijiji akaamua kwamba sisi wanakisomo wa darasa la jioni tufanye mdahalo uwanjani, kisha wananchi waamue. Mwalimu wetu, aliyekuwa hapitwi na taarifa ya habari ya redio, akaandika ubaoni: nguvu ya nyuklia na nguvu ya upepo, ipi itatufaa? Nyuklia haikutujia kutoka hewani. Miaka ya nyuma walipita wazungu na kisanduku kinacholia tik-tik, wanatafuta jiwe la urani, na tangu hapo tulikuwa tunasubiri umeme kama watu wanavyosubiri posa. Mimi nikachukua nyuklia: tuuze pangaboi, umeme unakuja. Shangazi, ambaye darasani alikaa dawati la mbele kwa sababu ya macho, akachukua upepo.

Tukakubaliana kuamua kama tunavyoamua mashindano ya ngoma. Wasemaji wanasimama pande mbili, na kila mtu anakwenda kusimama kwa anayemkubali. Hapo ndipo tulipokosea. Kwenye ngoma zetu hashindi anayecheza vizuri, anashinda anayekuja na kioja. Ndiyo maana wengine hucheza na chatu shingoni.

"Shikamoo, shangazi," nikamsalimu mbele ya watu.

"Marahaba, baba. Leo umekuja kuniuzia kisima changu?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka nusu.

Kioja changu kilikuwa chungu cha maji na bonge la chokaa lililotoka tanuruni, ambalo halijawahi kuonja maji.

"Ndugu wananchi!" nikanguruma. "Jiwe la urani, ukubwa wa kiazi tu, linachemsha maji bila kuni! Mvuke unazungusha mtambo, mtambo unatoa umeme! Didia itawaka taa mpaka fisi wahamie Kahama!"

Nikalitumbukiza bonge chunguni. Maji yakaanza kufoka na kutoa mvuke, hapana moto, hapana kijinga. Vigelegele! Watu wakamiminika upande wangu, wengine wanakanyagana. Shangazi akabaki na jirani mmoja na mbwa wa jirani. Nikamwona mnunuzi ananyanyua uso, anaupima mnara kwa macho. Nikamwona shangazi anakaza mkono kwenye fimbo yake.

"Shangazi, upepo ukilala je?" mtu wa upande wangu akamchokoza.

"Ukilala, nateka kwa kamba, ng'ombe wanalia. Sikatai," akasema. "Ile ngozi ya ndani ya pampu ikichakaa, tunakata nyingine kwenye ngozi ya ng'ombe, fundi anapanda, jioni maji yanatoka. Wewe, baba, nyuklia yako ikiharibika nani anapanda?"

"Watakuja mafundi kutoka nje."

"Na vipuri? Sisi tunaogawana kipande cha sabuni kijiji kizima?"

Vicheko vikahama. Akaendelea, "Redio imesema huko Ulaya mtambo wa nyuklia umelipuka, maziwa ya ng'ombe yameingia sumu, yanamwagwa. Kweli si kweli, mwalimu?"

"Ni kweli," mwalimu akajibu.

Mnung'uniko ukapita uwanjani. Maziwa kumwagwa! Kwetu hata mlevi hamwagi maziwa. Na chungu changu kikachagua dakika hiyo hiyo kupasuka. Paa! Uji mweupe wa moto ukaruka, watu wakatawanyika wanashika miguu.

"Na hilo jiwe likichoka," shangazi akauliza bila kupandisha sauti, "mnalitupa wapi?"

"Linazikwa, shangazi. Chini sana."

"Shambani kwa nani?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Watu wakabaki katikati ya uwanja, hawako kwake, hawako kwangu. Mwenyekiti akasimama ahesabu. Nikaona ninashindwa, nikatoa silaha yangu ya mwisho.

"Lakini mvua!" nikapaza sauti. "Mwaka ule wa ukame, ng'ombe wakafa kama nzi, nani aliifukuza? Si pangaboi hili? Lilizunguka usiku na mchana, mawingu yakakimbia!"

Kila nyumba ilikuwa imezika ng'ombe mwaka ule. Watu wakaanza kurudi upande wangu, taratibu, bila vigelegele, na mnunuzi akatabasamu. Jirani wa shangazi naye akavuta hatua. Shangazi akaja mpaka mbele yangu, fimbo inagonga ardhi.

"Mwaka ule pangaboi lilikuwa bovu, baba. Tangu kabla ya kulima mpaka baada ya njaa, halikuzunguka. Ndege walijenga viota kwenye mabawa. Aliyekuwa ananitekea maji kwa kamba ni wewe. Umesahau mikono yako ilivyochubuka?"

Nikatazama viganja vyangu. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa sijawahi kuviweka pamoja, viganja na lile wingu langu.

"Wabeja!" mzee mmoja akamshukuru kwa Kisukuma, akavuka uwanja kwenda upande wake, na nyuma yake wengine, na wengine, mpaka nikabaki na vigae vya chungu. Mnunuzi akaenda kuchukua baiskeli yake.

"Sasa shangazi," nikauliza, na safari hii nilitaka jibu kweli, "mvua ilifukuzwa na nani?"

"Hakuna aliyeifukuza, baba. Haikunyesha tu."