Wimbo wa Kushikana Mikono

Mama Kitana hakuwa mtu wa kunyamaza. Waliomfahamu walisema hata usingizini lazima awe anabishana na mtu. Kazi yake ilikuwa kusuka, na saluni yake ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara: kioo kilichopasuka pembeni, viti viwili, na benchi la wateja wanaosubiri huku wakitaniana na kuulizana habari za watu. Kila Jumamosi aliwasuka watoto wa kwaya ya kanisani kwao bila kuwatoza kitu. Alisema haiwezekani mtoto asimame mbele ya watu kuimba na kichwa kama kichaka.

Mtoto akiketi sakafuni mbele ya msusi, uso umeelekea mlangoni, husema mambo ambayo mkitazamana hasemi. Jumamosi moja aliyeketi pale alikuwa mtoto wa kaka yake, binti wa darasa la pili.

"Shangazi, nisuke polepole."

"Leo makubwa! Si wewe unayeniambiaga niharakishe?"

"Ukimaliza, mama atanipeleka kwenye kinanda."

Mama Kitana akacheka, kisha akaacha kucheka. Akauliza taratibu, na mtoto akajibu taratibu, macho yake yakiwa kwenye watu waliokuwa wakipita nje. Mwalimu wa kinanda hufunga mlango kwa komeo. Humpakata hata akikataa. Humshika pale ambapo mama alimwambia pasishikwe na mtu. Na amemwambia kwamba akisema, mama yake atafukuzwa kazi.

Mama yake alikuwa mfagizi wa ofisi za kanisa.

Mikono ya Mama Kitana iliendelea kusuka, maana aliona akiacha kichwa nusu mtoto atadhani amekosea. Alipofunga nywele za mwisho akamgeuza. "Umefanya vizuri kuniambia. Huko hurudi tena. Umenisikia?"

Sasa huyo mwalimu wa kinanda hakuwa mtu wa kusemwa hovyo. Alikuwa akijitolea pale kanisani. Spika zikikoroma, fundi ni yeye. Mgonjwa akitaka kupelekwa hospitali, ni gari lake. Watoto walimwita Anko na wazazi walimwita baraka. Kwa hiyo jioni ile Mama Kitana alipotaka kwenda moja kwa moja polisi, wifi yake, mama wa mtoto, alimshika kanga.

"Wifi, nakuomba. Tuanze kwa mchungaji. Wale ni baba zetu, hawatatuacha."

Wifi hakuiachia ile kanga. Mama Kitana akamhurumia, wakaenda kwa mchungaji.

Mchungaji alisikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani, akalia machozi ya kweli. Akasema jambo hili ni zito, ni la kuombewa, na kwa sasa lisitoke nje. Atalipeleka kwenye baraza la wazee.

Basi, ndipo danadana zilipoanza. Kikao cha kwanza hakikufanyika kwa sababu wazee hawakutimia. Cha pili waliuliza kama mtoto ana tabia ya kutunga hadithi. Cha tatu mwalimu mwenyewe alikuja na mkewe, akajifuta macho kwa leso, akasema ameumia sana ila amewasamehe wote.

"Anatusamehe!" Mama Kitana alipiga meza. "Jamani, yeye ndiye anatusamehe sisi?"

Mwenyekiti wa baraza akainua kiganja. "Mama, punguza jazba. Mtu anajitolea miaka yote hii, halipwi hata nauli. Tena kumbuka tuko mbele za Mungu."

"Na mtoto, yeye yuko mbele za nani?"

Kikao kikafungwa kwa sala ndefu, na chai ikaletwa.

Baada ya hapo walitangaza kwamba mwalimu amepumzishwa. Mama Kitana akashusha pumzi, akajilaumu hata kwa kuwafokea wazee wa watu. Jumamosi iliyofuata alikatiza uani mwa kanisa akielekea dukani kununua nyuzi za kusukia, akamkuta mwalimu yule yule amezungukwa na watoto, anawafundisha kufunga mahema. Walikuwa wamemhamishia kwenye kamati ya kambi ya watoto. Kambi ya kulala huko huko!

Alimfuata mwenyekiti mpaka mlangoni kwake. Mzee yule akamweleza kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Tulimpumzisha kinanda. Hatukumpumzisha huduma."

Alirudi nyumbani, akalala bila kula.

Kanisa lile lilikuwa na desturi yake. Waliogombana waliitwa mbele siku ya Jumapili, wakashikana mikono, waumini wakaimba ubeti mmoja, na mambo yakaishia hapo. Atakayeyafufua tena ndiye mwenye dhambi. Ilikuwa imemaliza ugomvi wa mipaka ya viwanja, wa mawifi, hata wa wanamama wawili walionuniana mwaka mzima kwa ajili ya mfuniko wa sufuria. Wazee waliipenda desturi ile kwa sababu haikuwahi kuwashinda, na pengine ndiyo maana hawakufikiria mara mbili.

Jumapili ile, matangazo yalipokwisha, mchungaji akasema kuna jambo dogo la upatanisho. Akamwita mwalimu wa kinanda. Kisha akamwita mtoto.

Mama Kitana alidhani hakusikia vizuri. Alimgeukia wifi yake, na wifi aliinamisha kichwa. Alikuwa ameambiwa. Ndiyo maana mtoto alivalishwa gauni jeupe.

Mwalimu alisimama mbele, tabasamu usoni, mkono ameunyoosha. Mtoto alifika, akautazama mkono ule, akauficha wa kwake mgongoni. Waumini wakaanza kuimba. Mchungaji akainama. "Mpe Anko mkono, mwanangu." Hakutoa. Ubeti ukaisha, wakaurudia. Mwenyekiti wa baraza akanyanyuka kwenye kiti chake, akamshika mtoto kiwiko, akaanza kuuvuta ule mkono uje mbele.

Mama Kitana hakukumbuka alivyopita katikati ya viti. Alijikuta tu amefika.

"Mwachie!" Wimbo ukakatika. "Mchungaji, huyu mtoto hajagombana na mtu. Mnampatanisha kwa ugomvi gani?"

Mama Kitana akambeba mtoto, mzito alivyokuwa, akaelekea mlangoni. Kuna waliomzomea. Kuna mama mmoja aliyemvuta mwanawe karibu na kumnong'oneza kitu. Alipofika nje alisikia viatu nyuma yake. Ni wifi, analia, mikono mitupu. Funguo za ofisi za kanisa alikuwa ameziacha kwenye kiti.

Kituo cha polisi walipelekwa chumba cha ndani, kwa askari mwanamke aliyekuwa na kikombe cha uji mezani. Alisikiliza watu wazima kwanza. Kisha akauliza, "Mtoto alisema lini?"

"Mwezi uliopita," alisema wifi.

"Mwezi mzima! Na muda wote huo mlikuwa wapi?"

Mama Kitana, ambaye hajawahi kukosa jibu maishani mwake, alilitafuta kwa muda mrefu. "Kwenye vikao," akasema.

Askari alizunguka meza, akachuchumaa mbele ya mtoto na kunyoosha mkono amsalimie. Mtoto akauficha wa kwake mgongoni. Askari akaurudisha mkono wake, akauweka gotini.

"Si lazima," akamwambia.

Ndipo Mama Kitana alipolia.