Bangili za Mchanga wa Kibara

Siku uvumilivu uliponiishia, nepi za mwanangu zilikuwa kwenye kamba zikinuka plastiki iliyoungua, zote, hata za akiba. Nikambeba mtoto mgongoni, nikapita kwanza ofisi ya mtaa kuandikisha lalamiko, ndipo nikaenda kwa mwenye moshi huo, jirani yangu hapa Mukendo, mjane wa fundi bomba. Mama huyo tumemzika Jumamosi kwao Butiama, na tangu nirudi msibani najikuta nacheka peke yangu nikikumbuka alivyonipokea. Nilianza, “Mama, unataka kuniulia mtoto?” Akaweka kidole mdomoni. “Taratibu, mama kichanga. Mtoto kalala. Tukana polepole.”

Mumewe alimwachia rundo la vipande vya bomba la plastiki. Mafundi hupasha ncha ya bomba ili ilainike, ipanuke, ipokee bomba jingine. Yeye akaona kinacholainika kinaweza kuwa bangili. Tatizo alikishika kipande juu ya makaa kikaungua, na moshi ukaja kwangu. Akanionyesha bangili iliyojaa malengelenge meusi. “Moshi ukitoka, nimeshaharibu. Tukipata njia isiyo na moshi, wewe umepona na mimi nimepona. Kaa tufikiri.” Nikakaa, nimenuna vilevile.

Tulijaribu maji yanayochemka; plastiki ilipoa ikakakamaa kabla hajaizungusha kwenye chupa ya soda ipate umbo la bangili. Wiki iliyofuata kaka yake akamletea mchanga wa ziwani kutoka Kibara. Aliupasha kwenye sufuria kuukuu, akafukia vipande humo, vikatoka laini kama chapati, bila moshi hata kidogo. Ila kwa haraka zake hakuuchekecha, na vigamba vya konokono vikaacha alama kwenye bangili nyingi. Nikamwambia ameharibu tena. “Hata ukoko nilikuwaga nautupa,” akasema, “mpaka nilipoona watoto wanaugombania.” Alipozipeleka mnadani Bunda, wanawake walipekua fungu wakitafuta zenye alama tu. Tangu hapo mchanga haukuchekechwa kamwe, na wanawake wanne wakajiunga naye kwenye kibanda cha uani.

Sisi tuliofika sekondari joto tulilisoma ubaoni. Tulinakili, tukakariri, tukajibu mtihani, na hakuna aliyetupatia kitu ili tukiharibu kwa mikono yetu. Kuharibu kwetu ni aibu. Mama yule aliharibu mchana kweupe, jirani akimfokea, na kesho yake akawasha jiko tena. Namkumbuka na roho yangu inatulia. Bangili yake ninayo mkononi ninapoandika.

Roho imetulia, ila si kwa kila kitu. Jumatatu nimekuta karatasi mlangoni pa kile kibanda: kibomolewe kufikia Ijumaa, kutokana na lalamiko la jirani. Jirani ni mimi! Moshi uliisha miezi mingi iliyopita, nami sikurudi kufuta nilichoandikisha. Wale wanne walikuwa wameshaanza kukusanya masufuria. Nikaenda ofisini na hasira za watu wawili, za marehemu na zangu.

“Dada, si wewe uliyelalamika?” mtendaji akauliza.

“Ni mimi. Na wewe muda wote huo umekuja lini kunusa?”

Waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Akanisukumia karatasi. Nimejifunza kwamba ukikimbia kulalamika, ukimbie vilevile kurudi kusema mambo yamekaa sawa. Niliandika nikiwa nimesimama, na sikutoka mpaka muhuri ulipogongwa:

“Nalalamika juu ya lalamiko langu mwenyewe. Lilikuwa la kweli siku nilipolileta, likaacha kuwa kweli, nami nikanyamaza. Moshi aliumaliza marehemu; ofisi haikufika. Kibanda kisibomolewe, wanawake wanne wanafanya kazi humo. Mwenye shaka aje kesho wakiwa wamewasha jiko, apite kwangu, anuse nepi kwenye kamba.”