Magoti ya Mtu wa Ndala

Harufu ya plastiki mpya ilipotoka kwenye boksi, sebule yetu ya Lidcombe, huku ugenini, ilinipotea kidogo. Binti yangu alikuwa akiunga roboti wake wa kuchezea, kipande kwa kipande. Mimi nilikuwa nanusa ndala zilizokatwa.

Utotoni, mtu wetu wa kuchezea tulimtengeneza uani, mimi na mama, kwa ndala kuukuu. Kifua cha buluu, miguu ya kijani, viungo vya waya. Alisimama, akainua mikono, akageuza shingo, nami nikaona tumemaliza. Mama akamkunja, akatikisa kichwa.

"Magoti magumu haya. Atakaaje mkekani?"

Akayachonga upya kwa wembe, taratibu, akipuliza vumbi la mpira, mpaka yule mtu akakaa kitako. Mchana akamweka upande wa mlangoni, mahali pa baba, ambaye alikuwa amesafiri kutafuta kazi na barua zake zimekatika. Akampakulia wali yeye kwanza. Tukala, sote watatu.

Binti yangu akaniita nitazame. Roboti alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, upanga juu.

"Anaweza kukaa chini?" nikamuuliza.

Akajaribu. Magoti yakagoma katikati. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kwani akae wapi?

Nikautoa mkeka wa mama nyuma ya kabati. Ulikuwa umeviringishwa vilevile ulivyotoka nyumbani, na fundo la kamba alilifunga mama kwa mkono wake. Nililishika kitambo kabla ya kulifungua.